Uzi wa nyuzi: nilivyokwenda warsha ya kiangazi ya muziki wa chemba, na fomu niliyoijaza kwa kujisifu

FidlaKuukuu (mleta uzi)

Wanajukwaa, habari za siku nyingi.

Mwezi uliopita niligusia kwenye uzi wa mwenzetu mmoja kwamba nimerudi kutoka warsha ya muziki, na wachangiaji kadhaa wakaniuliza mtu wa miaka arobaini na saba, mwenye kazi na watoto, anakwenda kutafuta nini huko badala ya kupumzika. Nimeona nijibu hapa kwa kirefu, kwanza kwa sababu jambo lenyewe halijulikani sana miongoni mwetu, na pili kwa sababu ninalo kosa la kukiri ambalo huenda likamwokoa mwingine.

Nianze na jina. Muziki wa chemba ni muziki unaopigwa na watu wachache, kwa kawaida wawili hadi wanane, kila mmoja akishika sauti yake peke yake, bila kiongozi wa kupunga fimbo mbele yao. (Chemba ninayoitaja ni chumba cha wageni cha matajiri wa Ulaya ya zamani, waliokwisha kuifikiria ile ya maji taka nawaomba watulie.) Waliolelewa kwenye kwaya watanielewa haraka. Chukueni kwaya ya sauti nne, punguzeni watu mpaka abaki mmoja kwenye kila sauti, kisha mwondoeni na mwalimu. Kinachobaki ndicho kinachoitwa kwarteti, na ile ya nyuzi huwa na fidla mbili, viola moja na selo moja, ile kubwa ya sauti nzito inayoshikwa katikati ya magoti. Viola ni fidla iliyonenepa kidogo, yenye sauti inayoanzia chini zaidi, na ndicho chombo changu. Wahudhuriaji wa warsha hizi ni watu wa ridhaa, kama tunavyosema ndondi za ridhaa: wahasibu, walimu, wauguzi na wastaafu ambao hawalipwi kwa kupiga, bali wao ndio wanaolipa ili wapige.

Muziki huu tangu asili yake ulikuwa wa watu wa namna hiyo, jambo ambalo nililijua nikiwa nimechelewa. Watunzi wa Ulaya wa karne ya kumi na nane, Haydn, Mozart na wenzao, waliandika kwarteti nyingi kwa ajili ya watu kupigiana majumbani, kabla haujawa muziki wa kukatiwa tiketi na kusikilizwa kimya. Mfalme Friedrich Wilhelm II wa Prussia alikuwa mpiga selo, na ndiyo maana katika kwarteti tatu za mwisho za Mozart, za 1789 na 1790, selo hupewa nyimbo za juu za kujidai ambazo kwa kawaida fidla ya kwanza ingezinyakua. Nyumbani kwa kina Franz Schubert, mtunzi wa baada yao, baba alipiga selo, kaka wawili wakashika fidla, na Franz mwenyewe akachukua viola. Yuko pia mwimbaji wa Ireland, Michael Kelly, aliyehudhuria jioni moja huko Vienna mwaka 1784 ambapo Haydn alishika fidla ya kwanza, Dittersdorf ya pili, Mozart viola na Vanhal selo, wote wanne wakiwa watunzi. Alisimulia baadaye kwamba upigaji wao ulikuwa wa kuridhisha tu, na kwamba hakuna hata mmoja wao aliyekuwa bingwa wa chombo alichokishika. Habari hiyo huwa naikumbuka kila ninapofungua kisanduku cha viola yangu.

Warsha za kiangazi zimeota kwenye mzizi huo. Huku kaskazini mashariki mwa Marekani ziko nyingi, kwa kuwa vyuo na mabweni hubaki matupu wanafunzi wakienda likizo. Kongamano moja kongwe lilianzishwa 1946, na kwa miaka mingi lilifanyika katika Chuo cha Bennington, Vermont. Hupokea wapigaji wa ridhaa, na pia hualika watunzi walio hai ili kazi zao mpya zipigwe na watu hao hao. Apple Hill, katika jimbo la New Hampshire, ilianza 1971, nako wazee na vijana huchanganywa kundi moja. Niliyokwenda mimi siitaji, kwa sababu nitakayoyasema ni aibu yangu mwenyewe na sitaki mtu aanze kuwatafuta niliokuwa nao.

Mimi nilijifunza fidla Unguja, kwa sikio, nikiwa nimekaa nyuma ya wazee wa taarabu. Mwenye kuijua taarabu ya kiasili anajua kwamba fidla zote hupiga wimbo mmoja kwa pamoja, kila mpigaji akitia mapambo yake, na zikiwapo fidla nne halafu moja ikateleza, zile tatu huifunika na wimbo ukaendelea. Nota nilikuja kuzisoma ukubwani, huku Massachusetts, nikiwa na miaka thelathini na mitano, na miaka mitano iliyopita nikahamia viola kwa sababu isiyo na utukufu wowote: wapiga fidla ni wengi kama mchanga, na wapiga viola huombwa. Nilidhani nimefanya ujanja. Kumbe nilikuwa nimejitoa kwenye shuka la wenzangu watatu na kujiweka mahali ambapo sauti yangu haina wa kuifunika.

Sasa fomu. Warsha hizi hukutaka useme chombo chako, umekipiga miaka mingapi, umepiga kazi zipi, na uko daraja gani. Madaraja hayo yana historia yake. Mwaka 1947 Leonard Strauss wa Indianapolis alianzisha chama cha wapigaji wa ridhaa wa muziki wa chemba, kinachojulikana kwa herufi ACMP, ambacho kilichapisha orodha ya wanachama mji kwa mji, ili msafiri mwenye fidla yake akifika ugenini apige simu na kupata watu wa kupiga nao jioni. Ili mgeni asiwaharibie wenyeji jioni yao, wala wenyeji wasimwadhiri mgeni, kila mwanachama alijipangia daraja mwenyewe kwa herufi, A ikiwa ya juu na D ya chini. Hakuna mtihani wala shahidi. Mfumo mzima unasimama juu ya mtu kujisema ukweli.

Mimi, mwaka juzi, niliandika B. Ulikuwa uongo wa namna ile ya kuandika wasifu wa kuombea kazi, ambapo kila neno lina chembe ya ukweli na jumla yake ni uongo mtupu. Kwenye orodha ya kazi nilizopiga niliandika kwarteti sita, ilhali tatu kati ya hizo nilikuwa nimepiga kipande kimoja tu, na moja niliipiga jikoni nikifuata rekodi. Kwa fomu hiyo waandaaji wakanipanga, na siwezi kuwalaumu hata kidogo, kwenye kundi la watu wa B wa kweli.

Kundi letu la asubuhi lilipewa kwarteti ya Mozart ya C meja, K. 465 (yaani namba yake kwenye orodha ya kazi za Mozart), aliyoimaliza Januari 1785, ikiwa mojawapo ya sita alizomtunuku Haydn. Watu huiita ya migongano kwa sababu ya mwanzo wake, na mwanzo huo ndio ulionikamata. Ni wa polepole. Selo huanza peke yake ikirudia noti moja ya C, taratibu, kama mtu anayepita sebuleni usiku asitake kuamsha waliolala. Viola ndiyo ya kwanza kuingia juu yake, na noti yake ni A flati, yaani A iliyoshushwa nusu sauti. Hufuata fidla ya pili, halafu fidla ya kwanza hutua juu kwa A isiyo na flati, na hapo msikilizaji hushtuka, kwa kuwa A mbili zisizopatana zimepishana mlangoni. Mimi kwa wiki sita nilikuwa nimejifua kwenye vipande vya mbio. Mwanzo sikuugusa, kwa kuwa noti zake ni chache na ndefu, nikaona hapo hakuna kazi.

Saa tatu asubuhi, siku ya kwanza, dirisha likiwa wazi na joto limeshaanza, selo ikaanza kutembea. Nikavuta upinde, nikaingia kwa kujiamini, na nilichokitoa kilikuwa A bila flati. Selo ikasita. Fidla ya pili haikuingia kabisa. Mpiga fidla ya kwanza, mhandisi mstaafu mwenye miwani miwili, mmoja usoni na mwingine kifuani, aliteremsha fidla yake magotini. Mkufunzi alikuwa ameegemea ukuta na kikombe cha kahawa mkononi, akasema kwa upole ambao ulinichoma kuliko ukali: "Noti hiyo ni nzuri sana, lakini ni ya mwenzako. Msubiri kidogo, ataitoa mwenyewe."

Tulicheka wote. Katika kipande cha haraka hapakuwa na cha kucheka. Nilipotea mapema, nikajitahidi kurudi kwa sikio kama nilivyozoea Unguja, nikakuta hakuna wimbo mmoja wa kuudandia. Kila mtu alikuwa na lake, na sikio langu likimfuata huyu linamwacha yule. Kwa siku tatu watu watatu waliolipa fedha nyingi na kutumia likizo yao walisimama kila baada ya dakika mbili kunisubiri. Hawakunitupia neno hata moja. Hilo ndilo ninalotaka mtu alielewe kabla hajajaza fomu: daraja unalojipa ni ahadi unayowapa watu usiowajua kuhusu juma lao zima. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na mimi nilikuwa nimeuficha wangu kwa herufi moja ya alfabeti.

Aliyeniokoa alikuwa mpiga selo wetu, bibi wa miaka sabini na kitu, daktari wa mifugo aliyestaafu. Jioni hizo watu huwa huru, na baada ya chakula hukusanyika wenyewe kwa wenyewe, huchukua nota kwenye maktaba ya warsha na kupiga chochote mpaka usiku wa manane. Usiku wa tatu alinikuta kwenye baraza la bweni nikipambana na mbu (naam, Vermont wana mbu, na hawana adabu kuliko wa Kwahani kule Unguja), akaniambia twende tukapige Haydn polepole na watu wengine wawili. Stendi zetu zilikuwa nje, nota tumezibana kwa vibanio vya kuanikia nguo ili upepo usizichukue. Kila nilipopotea, yeye, bila kuacha kupiga na bila kunitazama, alitamka herufi: "D." Kwenye nota kuna herufi kubwa zilizochapwa kila baada ya vipimo kadhaa (vile visehemu vya mapigo vinavyotengwa kwa mistari ya wima), kwa ajili ya kukutania. Nilikuwa nazifahamu tangu siku nyingi, ila sikuwahi kuona zikitumiwa kama kamba anayotupiwa mtu majini. Nikisikia "D" nilirukia D, nikanyamaza mpaka wafike, nikaingia nao. Tulimaliza bila kusimama, na sidhani kama nilipiga hata nusu ya noti zangu. Akaniambia kwamba kwake yeye huko ndiko kupiga vizuri.

Jambo jingine nililojifunza hapo ni pumzi. Kwa kuwa hakuna wa kupunga mkono, anayeanzisha huvuta pumzi kwa pua kwa urefu wa pigo moja, kichwa na shingo ya fidla vikiinuka pamoja, na pumzi hiyo ndiyo inayowaambia wenzake mwendo. Ikiwa fupi, wimbo ni wa haraka. Ikiwa ndefu, ni wa taratibu. Mimi nilikuwa nimeinamia karatasi muda wote, kwa hiyo nilikuwa sizioni pumzi za watu. Mkufunzi alinilazimisha kuyakariri maneno mawili ya kwanza ya muziki, kwa usemi wake, ili macho yangu yawe juu wakati wa kuanza. Nadhani ushauri huo mmoja ulinifaa kuliko mambo mengine yote ya mchana.

Mwaka jana sikwenda. Mwaka huu niliandika C, nikaorodhesha kazi tatu tu nilizowahi kuzipiga mwanzo hadi mwisho, nikapewa kipande cha polepole cha kwarteti ya Haydn, Opus 76 namba 3, ya 1797. Wimbo wake ni ule alioutunga kumtukuza Mfalme Franz wa Austria, na leo ndio unaoimbiwa wimbo wa taifa la Ujerumani. Haydn haubadilishi. Anauzungusha tu kama kahawa barazani: fidla ya kwanza huutoa mwanzo, kisha huenda kwa fidla ya pili, halafu selo, halafu viola, kisha hurudi ulikotoka, wengine wakisuka mambo yao pembeni. Zamu ya viola ilipofika, siku ya mwisho, mbele ya washiriki wote na wapishi wawili waliokuja na aproni zao, feni ikiwa imezimwa kwa sababu ya kelele, nilisikia sauti ya chombo changu mwenyewe kwa namna ambayo sijawahi kuisikia, na wenzangu watatu wakishuka chini ili nipite. Noti moja ilipotoka kidogo. Kipande kilikwisha.

Nawasilisha. Maswali karibuni.

SautiYaTena

Mkuu, nimesoma yote bila kuruka, jambo ambalo humu ni nadra. Mimi ni mwanakwaya wa Dar es Salaam kwa miaka zaidi ya ishirini, nasoma nota za do-re-mi na si zile za mistari mitano. Nina umri wa miaka hamsini na mbili. Je, mtu kama mimi akishika chombo leo anaweza kufikia hayo, au ni ndoto? Na gharama zake zikoje, maana umesema wanaolipa ndio wanaopiga na ukapita haraka.

FidlaKuukuu (mleta uzi)

Ndugu SautiYaTena, nilipita haraka kwa sababu panauma. Warsha ya juma moja huku Marekani, pamoja na chakula na kulala, mara nyingi huvuka dola 1,000, kabla ya nauli. Nyingi zina fungu la kuwasaidia wasioweza kulipa yote, nami mwaka wa kwanza niliomba punguzo na nikapewa. Kwa mtu wa Dar sishauri aanze na safari. Fedha hizo ni za mwalimu wa miaka kadhaa.

Kuhusu umri, nimepiga na mama aliyeanza selo akiwa na miaka hamsini na tano. Hakuwa hodari wa vidole, lakini alikuwa ameimba alto maisha yake yote, na kila mkufunzi alimtaka kwenye kundi lake kwa sababu alijua kushika sauti ya kati huku wengine wakiimba kingine masikioni mwake. Do-re-mi si kilema. Anayeisoma huusikia umbali wa noti kabla hajaipiga, na kwenye fidla, viola au selo, ambako hakuna vibao vya kukuonyesha pa kuweka kidole, hiyo ni mali. Mistari mitano utaizoea kwa mwaka mmoja ukisoma kila siku robo saa. Ukichagua viola utalazimika kuzoea na ufunguo wake wa peke yake (alama ya mwanzo wa mistari inayosema noti ipi inakaa wapi), ambao mwanzo utakufanya uhisi umesahau kusoma.

MbishiWaNgambo

Sipingi mtu kujifurahisha, lakini nauliza kwa nia njema. Unguja tuna vikundi vya taarabu, Ikhwani Safaa tangu 1905 na Culture tangu 1958, fidla zimejaa vumbi, vijana hawazitaki, halafu mtoto wa Ng'ambo anakwenda kulipa dola elfu ili aambiwe na Wazungu kwamba amepiga A badala ya A flati. Ungemwambia mzee wako wa fidla, angekwambia bure.

FidlaKuukuu (mleta uzi)

Mzee wangu, umenigusa penyewe, na sitajitetea sana. Nilikuja Unguja Desemba na kwa hisani ya wazee nikakaa nao mazoezini usiku mmoja. Tulipomaliza, mmoja wao aliyenifahamu tangu ujana aliniambia: "Siku hizi unapiga kama mtu anayeogopa kumkanyaga mwenziwe." Alikuwa na haki. Miaka ya kusikiliza nani anaingia lini ilikuwa imeniondolea ule uthubutu wa kuutupa wimbo mbele na kuutia mapambo bila kuomba ruhusa, na bila uthubutu huo fidla ya taarabu haisikiki kama taarabu. Ilinichukua siku nne hata mkono ukakumbuka.

Hata hivyo sikubali kwamba kimoja kinaua kingine. Usiku ule ule nilimsikia mpiga kanuni, kile chombo cha taarabu chenye nyuzi nyingi, akiacha nafasi mwishoni mwa kila mstari ili mwimbaji apumue, jambo ambalo alikuwa akilifanya tangu mimi mtoto, na mimi kwa miaka yote ile sikuwahi kulisikia kwa sababu nilikuwa najisikiliza mwenyewe. Kuhusu vijana, Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi pale Unguja kinafundisha fidla, udi na kanuni tangu 2002, na kama una mjukuu ningependa kusikia kwamba umempeleka.

MbishiWaNgambo

Mjukuu anapiga kinanda cha umeme. Nimekusikia.

NyuziZaNairobi

Naomba kuongeza la kwetu, ili msomaji asidhani ni lazima apande ndege. Nairobi tuna Kenya Conservatoire of Music, iliyoanza 1944, na tuna Nairobi Orchestra ambayo wengi wa wapigaji wake ni watu wa ridhaa wenye kazi zao nyingine. Huko Korogocho, Ghetto Classics wamekuwa wakifundisha watoto vyombo tangu 2008, na baadhi ya waliofundishwa sasa ni watu wazima wanaotafuta wa kupiga nao. Kwa hiyo wapigaji wapo. Tunachokosa ni ile desturi ya watu wanne kuketi sebuleni kwa mtu bila kuwa na onyesho mbele yao.

Sisi wanne tulijitengenezea warsha yetu ya siku tatu wakati wa Pasaka, nyumbani kwa mmoja wetu kule Limuru. Nota tulizipata bure kwenye maktaba ya intaneti ya IMSLP, iliyoanza 2006, ambayo ina machapisho ya zamani yasiyo na haki miliki tena. Tahadhari pekee ni kwamba mengine hayana namba za vipimo, na nakala mbili za machapisho tofauti zinaweza kuwa na herufi za kukutania zisizolingana, mkajikuta wawili wako D na wawili wako mtaa mwingine. Jambo hilo lilitutokea, tukadhani tatizo ni sisi. Umeme ulipokatika jioni ya pili tulibana simu zetu juu ya stendi tukaendelea. Mkufunzi tulimlipa kwa nusu siku moja tu, siku ya mwisho, na nadhani tungemleta siku ya kwanza, kwa sababu kufikia siku ya tatu makosa yetu yalikuwa yameshakomaa.

MpigaKiti2

Nipo Uingereza. Huku kulikuwa na shule ya kiangazi iliyoanzia Bryanston mwaka 1948 na kuhamia Dartington, Devon, mwaka 1953, ambako kwa miongo mingi watu wa ridhaa na mabingwa walikula meza moja. Mimi nilihudhuria nyingine ndogo zaidi, ya Jumamosi na Jumapili, na kero yangu ilikuwa kinyume cha ya mleta uzi. Nilijishusha. Niliandika D kwa unyenyekevu wetu ule wa kufundishwa nyumbani kwamba mtu hajisifu, nikapangwa na watu waliokuwa wakijifunza kushika upinde, na kwa siku mbili nikawa mwalimu wao bila kutaka. Mmoja wao alikasirika, akasema nimewadharau kwa kujifanya mdogo. Mpaka leo sijui kama alikosea.

SautiYaTena

Basi swali langu la mwisho kwa mleta uzi. Kama kujipandisha ni kosa na kujishusha nako ni kosa, mtu aandike nini?

FidlaKuukuu (mleta uzi)

MpigaKiti2, ahsante sana. Upande huo sikuwa nimeufikiria, na sasa naona hata unyenyekevu unaweza kuwakosesha watu juma lao.

SautiYaTena, mimi sasa herufi naiacha mpaka mwisho. Naanza na orodha ya kazi, na kila moja naisemea kwa sentensi nzima: hii niliipiga yote na watu bila kusimama, kwa mwendo pungufu kidogo, hii nilipiga kipande cha pili tu, hii niliisoma mara moja papo kwa papo, nikapotea mara mbili na kurudi. Habari ya kupotea na kurudi huwafaa waandaaji kuliko herufi yoyote, kwa sababu kupotea kila mtu hupotea, na wanachotaka kujua ni kama utarudi. Kama wanataka rekodi, jirekodi mara moja kwa simu na uipeleke hiyo hiyo, usichague ya ishirini.

Ya mwaka ujao nimeshaijaza juzi. Kwenye daraja nimeandika C, na kwenye nafasi ya maombi nimeomba ile ya Mozart, K. 465. Nota zake ziko hapa mezani, na ile A flati ya kwanza nimeizungushia penseli nyekundu.